Mwaka wa Mabamba Matano

Mwezi uliopita tulimuaga Profesa wangu. Amestaafu akiwa na mvi kichwa kizima, na koti lake la kahawia ambalo nadhani alilinunua kabla mimi sijaanza kidato cha kwanza. Ukumbi ulipambwa, pilau ikapakuliwa, na mshereheshaji mwenye maneno mengi akaanza kumwaga sifa za mzee. Alipofika kwenye habari za kioo cha metali alisema kwamba siku moja Profesa aliamka usingizini na wazo kichwani, akaenda maabara, akaligonga bamba kwa nyundo, na bamba ambalo halijawahi kupinda likapinda. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa meza ya tatu, na kijiko kilinisimama mkononi. Profesa alitikisa kichwa kukataa, akanyoosha na kidole upande wangu, lakini mshereheshaji alikuwa amekwisha kuhamia kwenye habari za keki. Nilirudi nyumbani na hasira ambayo haikunitoka hata nilipovua viatu. Wanangu wakaniambia niache, ile ni sherehe tu. Siachi. Mwenye wazo hakuwa Profesa, wala sikuwa mimi, na wala halikumjia mtu akiwa amelala. Alikuwa Mzee Gidamis wa Masakta, mhunzi, ambaye hayupo tena duniani na ambaye maishani mwake hakuwahi kuingia maabara yoyote. Kwa hiyo nitausimulia mwaka ule kama ulivyokuwa.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, nasoma shahada ya pili Dar es Salaam, na mada yangu ilikuwa na jina lililonichosha kuwaeleza watu: tabia za kioo cha metali kinapobeba mzigo. Si kioo cha dirishani. Ni metali kabisa, inang'aa kama metali na ukiigonga inalia kama metali, ila imepoozwa haraka mno kutoka kwenye uji wake, hata atomu zake hazikupata muda wa kujipanga. Katika chuma cha kawaida atomu hukaa kwa safu, kama wanafunzi mstarini asubuhi, na ukikipinda, safu moja huteleza juu ya nyingine. Ndiyo maana msumari unapinda bila kuvunjika. Katika kioo cha metali hakuna safu. Atomu zimeganda pale zilipokutwa. Kwa hiyo kina nguvu kupita chuma kingi unachokijua, na ukikibonyeza kidogo ukakiachia kinarudi vile vile kilivyokuwa. Lakini kikishindwa, kinashindwa mara moja. Mstari mmoja mwembamba, usiouona kwa macho, unateleza kutoka upande huu hadi upande ule, na kitu kizima kinakatika kwa mlio na cheche. Nilipewa mabamba kumi na mawili, kila moja unene wa milimita tatu na urefu wa kidole cha kati, yaliyomiminwa kwenye maabara ya nje kwa hisani ya rafiki wa Profesa. Kazi yangu ilikuwa kutafuta namna ya kuyafanya yapinde kabla ya kukatika. Saba yalikuwa yamekatika tayari. Yote yalikatika kwa namna moja, na ilifika mahali nikawa nafumba macho kabla mlio haujatokea.

Kisha mashine ya kupindia yenyewe ikafa. Spea yake ilikuwa ya kuagiza, na kuagiza kungechukua miezi. Profesa aliniita ofisini kwake, na kwa kuwa si mtu wa kuzungusha maneno, aliniambia niende nyumbani nikatafute kazi ya kujishikiza, nirudi mwezi wa kumi na moja. Mabamba matano yaliyobaki nikae nayo mimi, nifikiri. Mashine ikipona tutayajaribu mbele ya mkuu wa idara. Likipinda hata moja, naendelea hadi udaktari. Yasipopinda, mada inafungwa, na nafasi yangu anapewa mwingine ambaye alikuwa anaingoja. Alisema bila ukali wowote, akanipa na karatasi ya kufungia mabamba. Nikamjibu ndiyo, Profesa, nikatoka, nikaenda kulia chooni.

Nikapata nafasi ya kufundisha fizikia kwenye shule moja ya sekondari Mbulu mjini, mahali pa mwalimu aliyekuwa likizo ndefu. Kwetu ni Nambis, si mbali, lakini nilipanga chumba mjini kwa mjane mmoja aliyeitwa Mama Boay. Chumba kilikuwa cha uani, kuta tatu za tofali na moja ya mbao, na ile ya mbao ndiyo ilinitenga na jiko lake. Baridi ya Mbulu ya mwezi wa sita mnaijua. Nilivaa masweta mawili, nikalala na soksi, na asubuhi ukungu ulikuwa umekaa mlangoni kama mtu anayesubiri kukaribishwa. Lakini jiko lile lilinipa joto, na lilinipa harufu zote: ugali wa mahindi mapya, maharage yaliyochemka tangu alfajiri, viazi vya kuchemsha, maziwa mgando aliyoyatikisa kwenye kibuyu huku akiimba nyimbo za kanisani. Mabamba yangu niliyaweka kwenye kopo la majani ya chai, juu ya rafu, na kila jioni nikayashusha kuyatazama. Sijui nilidhani yangebadilika yenyewe.

Ukuta wa mbao hauna siri. Jumamosi moja Mama Boay alikuwa anapukuchua mahindi na jirani yake, na nilikuwa nimejilaza na vitabu, nikasikia jirani akiuliza yule mpangaji wako ni mgonjwa au vipi, mbona karudi kutoka chuo kikuu. Mama Boay akasema si mgonjwa, ila kule Dar amewashinda kumfundisha, au wao wamemshinda, haelewi vizuri. Jirani akauliza ana nini kwenye lile kopo. Mama Boay akashusha sauti, lakini si vya kutosha. Akasema ni vyuma vitano, anavitazama kila siku kama mtu anayetazama picha za marehemu. Wakacheka, na hawakucheka kwa ubaya, lakini niliumia sana. Niliumia kwa sababu alikuwa amesema kweli. Nilikuwa sifikiri, nilikuwa naomboleza.

Nafuu pekee niliyoipata miezi ile ilikuwa darasani. Siku moja, kwenye somo la mnyumbuko, yaani jinsi vitu vinavyorudia umbo lake, nilichukua gololi ya ekseli ya baiskeli nikaiangusha kwenye kipande cha chuma cha kawaida. Ikaruka mara chache, ikatulia. Kisha nikaiangusha juu ya bamba langu. Ikaruka, ikaruka, ikaendelea kuruka kwa mlio mdogo wa haraka haraka, hata darasa zima likanyamaza kuisikiliza. Niliwaeleza kwamba chuma cha kawaida kinakula nguvu ya gololi kwa sababu safu zake zinateleza kidogo kila inapogongwa, na hiki hakina safu za kuteleza, kwa hiyo kinairudishia gololi karibu yote iliyokuja nayo. Walinitaka nirudie mpaka kengele ikalia. Nilitoka pale nikijua bado nakipenda kitu hiki, na kwamba kunyang'anywa kungeniuma kuliko nilivyokuwa nakubali.

Mwezi wa nane Mama Boay alitaka beberu wa mbegu, na akaniomba nimsindikize mnadani Hanang, kwa sababu wauza mbuzi, alisema, wakimwona mama peke yake wanapandisha bei. Tukapanda basi la alfajiri. Ukishuka kutoka kwetu juu unavua sweta moja, halafu la pili, na mlima Hanang unajitokeza mzima mbele yako. Mnada ulikuwa umejaa vumbi, shuka za kila rangi na moshi wa nyama. Mama Boay alipokuwa akizozana na mwenye beberu, nilivutwa na mwanamke wa Kidatoga aliyekuwa amechuchumaa mbele ya mzee mmoja mwembamba. Mzee alikuwa ametandaza ngozi yenye bangili za shaba nyeupe na nyekundu. Alichukua bangili nene, akaifungua kwa mikono yake mwenyewe, akaipitisha kwenye mkono wa yule mama, kisha akaifunga taratibu mpaka ikamkaa barabara. Haikukatika. Nilisimama pale kama niliyesahau nilikokuwa naenda. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, nikamuuliza kwa nini haikatiki. Akaniangalia kuona kama namtania.

"Ile ya kumwaga tu inakatika," akasema. "Hii nimepiga."

Nikadhani anasema habari za moto, kwamba aliilainisha. Akasema moto ni wa mwanzo. Mwisho kabisa anapiga ikiwa baridi, nyundo ndogo, uso wote. Asipopiga, bangili inapasuka sehemu moja na mteja anamrudia. Nikamweleza, kwa maneno machache yaliyonijia, kwamba nina chuma kinachopasuka sehemu moja. Akasema niende nacho Masakta, nyumbani kwake. Mama Boay alipokuja na beberu wake akanishika mkono kunivuta pembeni. Akaninong'oneza kwamba wale ni wahunzi, hata Wadatoga wenzao hawaoani nao, na msomi mzima anakwenda kutafuta nini kwao. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba wanaooana na kila mtu nao hawajanisaidia bado. Hakunisemesha mpaka basi la kurudi lilipofika Dongobesh.

Jumamosi iliyofuata nilishuka tena peke yangu, na kopo la majani ya chai mapajani. Nyumba ya Mzee Gidamis ilikuwa imezungukwa na miiba ya kuzuia ng'ombe, na karakana yake ilikuwa banda lililo wazi pande mbili, lenye jiwe la kufulia chuma, mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi, na lundo la mabomba ya zamani, kufuli zilizokufa na vipande vya redieta. Alivishika vipande vyangu kimoja kimoja. Alivigonga kwa ukucha, akaviweka sikioni, akanusa. Nilifurahi kumwona mtu anayekishughulikia kitu hiki kwa namna hiyo. Kisha mke wake akaniita ndani, kwa sababu kwao mgeni hawezi kuanza kazi kabla hajala, na mgeni anayekataa anakuwa ametukana nyumba. Nikaacha bamba moja juu ya jiwe, nikaondoka na mengine manne kwenye kopo. Nilikula ugali na maziwa mazito yenye harufu ya moshi wa kibuyu, na mama yule alinihoji kwa Kiswahili cha taratibu kama nina mume, na kama sina, nasubiri nini. Nikasikia mivukuto inapumua huko nje. Ilinichukua muda kuelewa maana yake.

Nilipotoka, bamba lilikuwa ndani ya makaa, jekundu. Mzee alikuwa amefanya ambalo mhunzi yeyote angefanya, na kwa wema kabisa: chuma kigumu unakianzia na moto. Baba yake alifanya hivyo na babu yake pia, na mimi sikuwa nimemkataza, kwa sababu haikunijia kwamba ingehitaji kukatazwa. Alilitoa kwa koleo, akalisubiri lipoe, akaligonga mara moja kwa nyundo. Likavunjika vipande kama gae la chungu. Akaokota kipande, akakigeuza, akakigonga tena, kikavunjika tena. Nilitaka kumlaumu, lakini nilipomtazama usoni niliona kwamba yeye ndiye aliyeumia zaidi. Miaka yote ya kazi yake, chuma kilikuwa hakijawahi kutoka motoni kikiwa kibovu kuliko kilivyoingia.

Nilikaa juu ya jiwe nikamweleza. Nilimwambia kwamba chuma hiki uzuri wake wote ni kwamba hakijajipanga ndani, na moto ule ulizipa chembe nafasi ya kujipanga. Na mchanganyiko huu ukijipanga haugeuki chuma cha kawaida, unageuka kitu kama chungu. Akasikiliza mpaka mwisho. Akachukua ugoro, akapiga chafya, akafuta macho.

"Hii chuma inakataa moto," akasema. "Basi haitaona moto. Lete ingine."

Ningesema hapo kwamba nilikuwa na imani, ningekuwa mwongo kama yule mshereheshaji. Nilikuwa na mabamba manne. Nilimwangalia mzee aliyetoka kuniharibia moja, nikafikiria nafasi yangu, nikafikiria yule mwingine anayeingoja. Kilichonifanya nifungue kopo ni hasira zaidi kuliko imani. Nilikuwa nimechoka kuyatazama. Nikampa.

Akaketi, akachagua nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo, akaanza. Hakupiga kwa nguvu. Alipiga kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya mkwe, mapigo mengi, mafupi, karibu karibu, akihamisha bamba upana wa punje kila mara. Alianza pembeni akamaliza pembeni, akaligeuza, akarudia upande wa pili. Nikamuuliza kwa nini hapigi katikati tu, pale linapokatikia. Akasema ukipiga mahali pamoja umeionyesha njia. Unapiga kote ili isijue ipite wapi. Alipochoka mke wake alipokea nyundo, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa mumewe. Jua likahama kutoka upande mmoja wa banda hadi wa pili. Walipomaliza, uso wa bamba ulikuwa umejaa vidoti kama uwanja uliopigwa na matone ya kwanza ya mvua. Nililifunga kwenye karatasi ya Profesa, nikakimbilia basi la kurudi.

Jumapili baada ya misa nilimwomba mkuu wa shule ufunguo wa maabara. Palikuwa na vaisi moja ya kubania chuma, ina kutu, lakini meno yake yalikuwa mazima. Nilibana bamba, nikalivika kipande cha bomba kwa juu, nikaanza kulivuta polepole. Lilikaza, likakaza zaidi. Nikafumba macho kwa mazoea. Nikasikia bomba linasogea mkononi, na mlio haukuja. Nilipofumbua, bamba lilikuwa limepinda. Si sana, kiasi cha ukucha wa mwezi mchanga, lakini nilipolitoa kwenye vaisi lilibaki vile vile, halikurudi. Nililichukua mpaka dirishani, nikaliweka chini ya lensi ya mkono. Pale ambapo siku zote palikuwa na mstari mmoja uliokata kila kitu, niliona mistari mingi midogo, kumi, ishirini, nikaacha kuhesabu, kila mmoja umeteleza kidogo ukasimama, mwingine ukaanzia pembeni yake. Nilicheka peke yangu kwenye maabara ya shule. Nilicheza pia, na nilipogeuka mkuu wa shule alikuwa mlangoni anasubiri ufunguo wake. Alinitazama kwa muda, akaniuliza kama mwalimu anajisikia vizuri. Nikamwambia sijawahi kujisikia vizuri namna ile tangu nizaliwe.

Jioni ile Mama Boay alisikia habari zote, kwa sababu nilimsimulia mimi mwenyewe, nikiwa nimesimama jikoni kwake. Alilishika lile bamba lililopinda, akauliza kama kule kuhangaika kote kulikuwa kwa ajili ya hiki. Nikasema ndiyo. Akanipakulia ugali mara mbili ya kawaida, akasema kwamba huyo mhunzi nimpelekee maziwa, nikamwambia kwamba ana ng'ombe wengi kuliko sisi. Basi mpelekee sukari, akasema, na safari iliyofuata nilishuka na kilo mbili za sukari kutoka kwake. Hakuwahi kuniomba radhi kwa maneno.

Yalibaki mabamba matatu mazima. Mzee Gidamis alipiga mawili. La tatu aliniambia nipige mimi. Nilikataa, nikasema sitaki kuharibu. Akasema akifa yeye nitamtafuta nani, na akaniwekea nyundo mkononi. Nilipiga mchana mzima huku akinikosoa: hapa umeruka, hapa umezidisha, hapa mkono umelala. Nilipomaliza alilipitishia kidole, akasema ni kazi ya mtu mwenye haraka. Nilikuwa na malengelenge mawili na nilijisikia nimetukanwa, lakini nikaliweka kwenye kopo.

Mwezi wa kumi na moja nilirudi Dar es Salaam. Mashine ilikuwa imepona. Profesa alikuwepo, na mkuu wa idara, mama mmoja mpole mwenye macho makali, ambaye alitazama vidoti juu ya mabamba yangu akauliza ni nini hiki. Nikasema yamepigwa nyundo. Akauliza yamepigwa na nani. Nikasema nitaeleza baada ya jaribio. Kwa heshima ya Mzee Gidamis nikayaacha yake nyuma, nikatangulia na bamba langu mwenyewe, nikalilaza juu ya nguzo mbili ndogo za mashine, kidole cha mashine kikashuka katikati. Kwenye skrini mstari wa grafu unaoonyesha mzigo ulipanda, ukapanda, na mlio ukaja. Cheche, kisha vipande viwili. Mkuu wa idara akaandika kitu kwenye daftari lake. Sitasahau sauti ya ile kalamu. Niliokota vipande vyangu, na nilipotazama kwa karibu niliona mahali lilipoanzia kukatika: pembeni, upande wa chini, palikuwa na sehemu ndogo nyororo ambayo sikuipiga. Kazi ya mtu mwenye haraka.

Nikaweka la kwanza la Mzee Gidamis. Mstari ukapanda kama ule wa kwanza, ukafika pale pale, na mimi safari hii sikufumba macho. Ukafika, ukapita, kisha ukainama. Nawaambieni, nimeshaona watoto wangu wakizaliwa, na bado ule mstari ulipoinama ni kati ya vitu vizuri nilivyowahi kuona. Ulilala taratibu ukaendelea kwenda mbele, na bamba likazidi kuzama katikati yake, likipinda, likipinda, bila mlio wowote. Profesa alisogeza kiti chake karibu. Alitazama skrini, akatazama bamba, akatazama skrini tena.

"Rudia," akasema.

Nikaweka la pili. Likapinda kuliko la kwanza, hata mkuu wa idara akainua mkono kuashiria inatosha, kwamba ameona. Profesa alilitoa mwenyewe, akaliweka kiganjani, akaligeuzageuza. Baadaye alinieleza kwamba wenzetu wa maabara za mbali nao walikuwa wanazunguka karibu na jambo hili kwa njia zao, na kwamba mapigo yale huuacha uso wa bamba umebanwa kutoka ndani, na huanzisha mistari mingi midogo ili asiwepo mmoja wa kukata kila kitu. Sikuvunjika moyo kusikia kwamba hatukuwa peke yetu. Siku ile, saa ile, mkuu wa idara alifunga daftari lake akasema kwamba nafasi ni yangu, kisha akaniuliza tena yamepigwa na nani, na huyo mtu ana shahada gani. Nikamjibu kwamba ni mhunzi wa Masakta, Hanang, na hana shahada, na bamba lililovunjika ni lile lililopigwa na mwenye shahada. Profesa akacheka mpaka akakohoa.

Mwanangu mkubwa hupenda kusema kwamba mama alipigwapigwa na mwaka ule ndiyo maana havunjiki. Sipendi maneno hayo. Mimi si bamba. Nilikuwa msichana aliyekuwa anakaribia kunyang'anywa kazi aliyoipenda, na watu wawili waliokaa chini ya banda la miti walinirudishia kwa mikono yao. Hilo halihitaji mafumbo.

Mwezi wa kumi na mbili, mvua zikiwa zimeanza, nilishuka Masakta na bamba lililopinda kuliko yote, na nakala ya ukurasa mmoja wa taarifa yangu. Mzee alikuwa kazini. Alilipokea bamba, akajaribu kulinyoosha kwa mikono, likamkatalia, akalipeleka kwenye mwanga akatafuta mistari kwa kidole. Akasema umbo lake baya. Nikamsomea ukurasa, kwamba mabamba yalipigwa kwa nyundo yakiwa baridi na Gidamis, mhunzi, Masakta, pamoja na mkewe. Mama alisikia jina lao akatoka ndani, akaniomba nisome tena, nikasoma mara tatu. Mzee akauliza kama wale wakubwa wa chuo wamejaribu kupiga wenyewe. Nikasema hapana. Akasema basi hawajajua bado, wameona tu. Kisha akanirudishia bamba.

"Hii ni nyembamba," akasema. "Sasa lete nene."

Nikamwambia kwamba lenye unene mara mbili ya ule lilikuwa linakatika kila mahali duniani, na kwamba kwa kadiri nilivyojua hakuna mtu aliyekwisha kulipinda. Mzee Gidamis akasogea kunipisha nafasi kwenye ngozi aliyokalia, akanisukumia ile nyundo ndogo.

"Ndiyo maana nasema lete."